Mkono wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na Profesa naye ameanza. Ametuita ofisini kwake, mimi na Wifi, wala hakutukaribisha viti kwa sababu viti vyake vyote vimekaliwa na makaratasi. Akasema muhula huu ukiisha anabaki mmoja wetu. Nafasi ya kuendelea na uzamivu katika maabara yake ni moja, hana ya akiba, na asisikie mtu akimletea habari za kugawana. Ijumaa ya mwisho ya Mei atamtaja. Kisha akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso akaanza kusoma, maana yake tutoke.

Nje, Wifi akanishika mkono. "Wifi, yeyote atakayepata, tusije tukanuniana, sawa?"

"Sawa," nikamwambia. Mtu anayesema hivyo ameshajiona amepata.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kutwa. Nimevunja pipeti.

Jumatano, 5 Machi

Wifi ni mke wa kaka yangu, na aliyemleta nyumbani ni mimi mwenyewe. Tulikuwa mwaka wa pili wa chuo, nikamkaribisha chakula cha mchana. Kaka alikuwa ametoka kupima viwanja, matope hadi magotini, akamwona akasahau hata kuvua viatu. Basi nikapoteza rafiki nikapata wifi. Sasa tunaishi nyumba moja, Mama, kaka, yeye na mimi. Asubuhi tunapanda basi moja, mchana tunagombea mashine moja, jioni tunaoshea vyombo kwenye karo moja. Mawifi wengine hupata nafasi ya kusengenyana kwa raha kwa sababu kila mmoja ana kwake. Sisi hata hiyo hatuna.

Mama ana kidonda chini ya mguu, karibu na kidole gumba. Ni sukari. Kidonda hakifungi wala hakikui, kimekaa tu kama mgeni asiyeaga. Anayekisafisha ni Wifi, kwa sababu Mama anasema mimi namfunga kama ninayefunga mzigo wa kuni. Akisema hivyo Wifi hucheka kwa adabu, na adabu yake hiyo inaniudhi kuliko kama angeangua kicheko.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano wa Ijumaa. Profesa ameturudia sheria yake, ile iliyobandikwa kwenye mlango wa friza, kana kwamba hatujaisoma kila siku tukichukua barafu. Tokeo lolote si tokeo mpaka mkono wa pili uurudie upimaji huo. Mkono wa pili unatengeneza kila kitu upya kwa vifaa vyake, na hairuhusiwi watu hao wawili kuulizana neno mpaka mkutano. Anayeulizana ametoka.

Na kwa kuwa wapimaji tumebaki wawili, wengine mkutanoni wakiwa wanafunzi wa kusikiliza tu, mkono wa pili wa Wifi ni mimi, na wangu ni yeye.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameuliza ni kitu gani tunachofanya huko hata turudi tunanuka dawa. Wifi alikuwa na mguu wa Mama mapajani, kwa hiyo nikajibu mimi. Nikamwambia kila seli, iwe ya bakteria au yako, imezungukwa na utando, na utando wenyewe ni mafuta, matabaka mawili yaliyolaliana. Peptidi ni kipande kifupi cha protini. Tunatafuta peptidi itakayojichomeka kwenye utando wa bakteria na kuutoboa, bakteria afe, halafu ipite pembeni ya seli za mgonjwa bila kuzigusa. Kampuni moja inataka kuitia kwenye dawa ya kupaka, kwa vidonda kama hicho chako.

"Sasa itajuaje huyu bakteria, huyu mimi?"

"Inajua kwa mafuta, Mama. Utando wa bakteria umejaa mafuta yenye chaji hasi, na peptidi ina chaji chanya, kwa hiyo inavutwa. Wako kwa upande wa nje hauna chaji hiyo. Halafu una kolesteroli, inaukaza."

"Si ndiyo hiyo wanayonikataza kliniki?"

"Ndiyo hiyohiyo. Ila kwenye utando ina kazi."

"Kumbe ni mapishi tu," Mama akasema. "Basi hapo wifi yako anakushinda. Wewe hata maji unaunguza."

Wakacheka, kaka akapiga meza. Nami nikacheka. Nimeliandika hapa nisije nikalisahau.

Ijumaa, 14 Machi

Hatupimi kwa seli zenyewe. Tunatengeneza viputo vya mafuta, vidogo mno, na ndani yake tunafungia rangi ambayo hung'aa ikitoka. Ukitaka utando wa bakteria unachanganya mafuta ya bakteria, ukitaka wa mtu unachanganya ya mtu. Unatia peptidi, unakaa mbele ya mashine. Viputo vikitobolewa, rangi inavuja na mstari unapanda. Mstari ukilala, viputo vizima.

Peptidi yangu ndefu ni mlevi. Inaingia kwa bakteria, inaingia kwa mtu, inaingia popote. Nimeongeza kolesteroli mpaka viputo vikakataa kuumbika, bado inaingia. Nimesimama mbele ya Profesa na mistari yangu yote imepanda, naye akasema, "Hii ni sabuni." Wifi akainamisha kichwa. Najua alikuwa anazuia kicheko.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Basi limechelewa, tumelowa. Wifi kanipa kanga yake kavu nijifunike, yeye akakaa akitetemeka, watu wote wa basini wakimwonea huruma. Hawezi hata kutenda wema kimyakimya.

Ijumaa, 21 Machi

Amefanya. Peptidi yake fupi, ile ninayoiita njiti, amebadilisha kiungo kimoja tu. Kwenye viputo vya bakteria mstari umepanda kama ukuta. Kwenye viputo vya mtu umelala chali, haukutikisika hata alipozidisha dozi. Nilikuwa nimekaa karibu na skrini, sikuona pa kuweka macho.

Profesa alishusha miwani, akaipandisha, akaishusha tena. "Nzuri," akasema. Kwa muda wote niliomfahamu sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo. Kisha akanigeukia. "Mkono wa pili, wiki ijayo."

Nyumbani Wifi alimwambia kaka chumbani, kaka ndiye aliyetoka kutangaza. Mama akamkumbatia akamwita "daktari wangu wa mguu". Mimi nikaenda kuosha vyombo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenifuata karoni.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme ulikatika Jumamosi mpaka leo asubuhi. Friza za ghorofa yetu zimeyeyuka, sakafu ni bwawa. Tumekausha mpaka mchana.

Jumanne, 25 Machi

Nimepima njiti ya Wifi. Viputo vya bakteria, umepanda. Viputo vya mtu, UMEPANDA. Si sana, lakini umepanda waziwazi, mtoto anauona. Nimekaa mbele ya mashine nikiutazama mstari tena na tena. Sitajidanganya hapa kwamba ilikuwa mshtuko. Ilikuwa furaha, na ilinipanda mpaka masikioni.

Jumatano, 26 Machi

Nimejua ni kwa nini.

Asubuhi nilitoa chupa yangu ya mafuta ya utando wa mtu nitengeneze viputo vingine. Nikaifungua, ikanijia harufu ya kikaango cha juzi. Nikaiinua dirishani. Mafuta haya huwa hayana rangi kabisa, na yangu yamekuwa ya manjano hafifu, kama chai ya mgonjwa. Kifuniko hakikuwa kimekaza. Siku mbili za joto na hewa, yamechacha kama mafuta yoyote ya jikoni. Mafuta yakichacha mikia yake hukatika na kupinda, utando unalegea, na peptidi yoyote inapenya hata pale isipoalikwa. Njiti ya Wifi haina kosa. Utando wangu ndio umeoza.

Chupa mpya zipo, kwenye friza ya chini yenye betri yake. Ni ngazi moja tu kushuka.

Nimekifunga kifuniko, safari hii kikakaza vizuri, nikairudisha chupa mahali pake.

Ijumaa, 28 Machi

"Mkono wa pili?"

Nikaonyesha mistari yangu. Wifi alikuwa amekaa na kalamu mdomoni, ikamdondoka.

"Hiyo si..." akaanza.

"Huzungumzi," Profesa akamwambia. Akanigeukia mimi. "Mchanganyiko ni uleule?"

"Uleule."

"Rudia."

Nilijibu ukweli. Mchanganyiko ni uleule, sikuongeza wala kupunguza. Hakuniuliza kama mafuta ni mazima. Nimelirudia hilo kichwani njia nzima ya kurudi, huku Wifi amekaa pembeni yangu kwenye basi anatazama mvua, na sheria inamkataza kuniuliza.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mama ana homa kidogo. Wifi amekaa naye, kwa hiyo mashine ni yangu kutwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimerudia, kwa chupa ileile. Safari hii nilijua ninachofanya tangu ninanawa mikono. Mstari umepanda zaidi ya mwanzo, maana mafuta yanazidi kuchacha. Profesa akaandika kitu. Wifi naye amerudia upande wake, wake umelala vilevile.

"Mikono miwili, majibu mawili," Profesa akasema. "Mmoja wenu hajui kupima."

Na watu wote chumbani wakamtazama Wifi, si mimi. Hilo nalo nililitegemea. Anayeleta habari nzuri mno ndiye hushukiwa.

Jumanne, 8 Aprili

Amevunja sheria. Nilikuwa chumba cha mizani, akaingia akafunga mlango, macho yamemvimba.

"Wifi, nisamehe. Niambie kitu kimoja tu. Yale mafuta uliyatoa chupa gani?"

Ningeweza kumwambia hapohapo. Maneno matatu tu, yamechacha, tumia mapya, yangetosha. Nikamtazama tu. Ana kipaji cha kuonekana mnyonge, mabega yanashuka kama nguo kwenye kamba.

"Unataka nifukuzwe?" nikamwambia. "Unajua sheria. Ukinipenda usiniulize."

"Nakupenda," akasema. "Samahani, Wifi. Sijui nilikuwa nafikiria nini."

Akaniomba msamaha mara mbili, kisha akatoka akiufunga mlango polepole usipige kelele.

Alhamisi, 10 Aprili

Wifi ameunguza chakula. Mama hakusema kitu kuhusu kuunguza.

Jumapili, 13 Aprili

Kaka amenivizia uani nikianua nguo kabla ya mvua. Kazi zao za kupima viwanja zimesimama kwa mvua, anashinda nyumbani akimwona mkewe anavyokonda.

"Mdogo wangu, huyu mtu halali. Anaandika hesabu mpaka kwenye mfuko wa sukari. Kama amekosea, mwonyeshe basi pa kurekebisha. Wewe si ndiye uliyemfundisha ile mashine?"

"Sheria hairuhusu, kaka."

"Sheria gani hiyo ndani ya nyumba?"

"Ndiyo inayotuweka wote wawili pale maabara."

Akanisaidia kukunja shuka. Tulishika pembe mbilimbili kama tulivyokuwa tukifanya zamani, yeye akiwa mkubwa ananivuta niyumbe. Safari hii hakuvuta. "Unajua anakutetea?" akasema. "Mimi nilisema labda umekosea wewe. Akanigombeza. Amesema mkono wako ndio safi kuliko wote pale."

Nilikasirika. Nilitaka anichukie. Ukimfanyia mtu ubaya akakusifu, anakuachia mzigo wote ubebe peke yako, na huo nao ni ukatili, hata kama mwenyewe hajui.

Ijumaa, 18 Aprili

Mara ya tatu. Umepanda.

Wifi aliinuka bila kuulizwa. Akasema amerudia tena na tena, mstari wake unalala, hajui kosa liko wapi, lakini mkono wa pili ni sheria na yeye anaikubali sheria, kwa hiyo anaondoa tokeo lake. Sauti haikutetemeka. Nilitarajia kwikwi, nikawa nimejiandaa hata kumpa kitambaa. Kakaa chini akafunga kalamu yake.

Profesa akasema, "Vizuri." Akatuaga.

Ijumaa, 25 Aprili

Wifi amemwandikia Profesa kwamba hagombei tena nafasi. Amepata kazi duka la dawa karibu na kituo cha basi. Kwenye rafu yake ya maabara ameacha glavu zake, boksi zima halijafunguliwa, na kikaratasi: "Zako, Wifi."

Mama anasema ni uamuzi wa busara, maana sasa atapata muda wa mguu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeimwaga ile chupa. Nimebaki peke yangu maabara, naongea na mashine.

Ijumaa, 9 Mei

Jumatatu Profesa alinipa njiti. "Sasa ni yako. Irudie kwa mafuta mapya." Alisema mapya bila kukaza, kama mtu anavyosema maji ya moto. Nikarudia. Kwenye viputo vya mtu umelala, umelala kabisa. Ni peptidi safi kuliko zote nilizowahi kushika.

Leo nikampelekea. Hakuitazama karatasi.

"Chupa yako niliinusa ile Ijumaa ya kwanza," akasema. "Mlikuwa mmekwenda kula. Mafuta yaliyochacha hayahitaji profesa."

Nikauliza la kijinga, "Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Akatoa makaratasi kwenye kiti kimoja. Mara ya kwanza nimekaa ofisini mwake. Akanieleza bila kupandisha sauti. Seli nzima ya mtu huyaficha mafuta yake yenye chaji hasi upande wa ndani. Seli iliyochoka, iliyolewa sukari, iliyo pembezoni mwa kidonda, inashindwa kuyashikilia, yanageuka yanatokea nje. Kwa nje inaanza kufanana na bakteria. Mwezi wa tatu, njiti ilipofaulu tu, Wifi alimfuata kumwomba ruhusa ya kupima viputo vya mchanganyiko huo, wa seli iliyochoka.

"Nikamwambia asiuguse. Kampuni haijauomba. Akasema basi atausema mkutanoni. Ni wa aina hiyo, hawezi kulala na jambo. Nilikuwa nafikiria nimtoe vipi." Akafuta miwani. "Ukaja wewe na chupa yako. Nikaona huyu anaweza kukaa na jambo wiki nzima na kula vizuri. Ninahitaji mtu wa namna hiyo."

Nilidhani nimemsukuma Wifi kwa mikono yangu. Kumbe nilikuwa mkono wa mtu.

Jumapili, 11 Mei

Kidonda cha Mama kina ukingo mpya, mweupe. Wifi ameniita nikione. Nimetazama ukingo huo nikafikiria maneno yale, pembezoni mwa kidonda, nikasema nina kazi.

Jumatano, 14 Mei

Nimeupima. Hakuna aliyenituma. Nilichukua mafuta ya utando wa mtu, mapya, hayana rangi wala harufu, nikatia kolesteroli yake kama kawaida, halafu nikaongeza yale ya chaji hasi kidogo tu, kama yanavyotokea kwenye seli iliyochoka. Nikatia njiti ya Wifi.

Mstari ulikaa kidogo chini, nikaanza kupumua. Kisha ukapanda, ukaendelea kupanda mpaka rangi yote ikaisha kutoka.

Hautofautiani na wa bakteria. Nimeweka karatasi moja juu ya nyingine dirishani, mistari imelaliana.

Ijumaa, 16 Mei

Nilikwenda kwa Profesa na karatasi mkononi. Nilikuwa nimepiga moyo konde, hata nilifanya mazoezi kwenye basi. Nikamwambia kwamba watakaopakwa dawa hii ni watu wenye vidonda vya sukari, na seli zao ndizo zilizochoka, kwa hiyo itazitoboa seli zao pamoja na bakteria wao.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Umepima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mkono wa pili ni nani?"

Nikatazama makaratasi yake.

"Basi hujaona kitu. Sheria imebandikwa pale mlangoni kwa ajili ya wote." Akanirudishia karatasi kwa vidole viwili. "Kuna mtu mmoja anayeweza kukurudia upimaji huo, na anauza vidonge vya kichwa pale kituoni. Mwite. Ila akija atauliza ile chupa ilikuwaje, na mimi nitamjibu. Jina bado sijalitaja rasmi, unajua."

Nikasema najua. Nilishuka ngazi nikapita duka la dawa. Wifi alikuwa anamhesabia mzee mmoja vidonge, anamweleza taratibu, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akaniona, akanipungia mkono na uso wote ukamng'aa. Nikapunga, nikapanda basi.

Nimchukie nani sasa? Nimejaribu kumchukia yeye tena, maana nilishazoea, na haikukubali.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua inapungua.

Ijumaa, 23 Mei

Watu wa kampuni wamekuja, wawili, viatu vizuri vimeharibika kwa tope la uwanjani. Dawa walishaipaka panya, panya vijana wasio na sukari. Walichobakiza ni kipimo chetu cha utando, kisha wanaanza na wagonjwa hospitalini. Nikawaonyesha mistari ya njiti. Umepanda, umelala, umepanda, umelala. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Yule mwanamke akauliza, kwa upole, kama anayeuliza choo kiko wapi, "Kuna mchanganyiko wowote wa mafuta ambao mngependa tuujue?"

Profesa alikuwa anatazama dirishani.

"Hakuna," nikasema.

Ijumaa, 30 Mei

Amelitaja jina langu. Makofi ya watu wanne. Nimepewa ufunguo wa friza ya chini.

Jumapili, 1 Juni

Jua limetoka tangu asubuhi, magodoro ya mtaa mzima yako nje. Kaka amenunua soda kwa ajili ya nafasi yangu. Wifi alifunga kazi mapema, akakaa sakafuni kama kawaida yake, mguu wa Mama mapajani.

Mama akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye pochi. Kliniki yake wanatafuta watu wenye vidonda vya sukari kwa dawa mpya ya kupaka. Alipoambiwa imetoka maabara gani, akawaambia, "Hiyo ya mwanangu," akataka kuwa wa kwanza. Alikuwa amekwisha jaza jina, imebaki sahihi.

"Subiri kwanza, Mama," Wifi akasema.

Akaweka pamba chini. Sijawahi kumwona uso mkavu namna ile. Akanitazama mimi.

"Wifi, zile seli zilizochoka, mliwahi kuzipima? Mafuta ya ndani yakitokea nje? Mimi nilimwomba Profesa akakataa. Sikukwambia kwa sababu ya sheria. Nimekaa nalo tangu nilipoondoka."

Kaka akaacha kumimina soda. Mama alikuwa ananitazama akitabasamu, anangoja nimwage elimu yangu mbele za watu.

Nilikuwa nayo yote mdomoni, mpaka chupa na harufu yake. Ningeisema, ningepoteza nafasi, na nyumba hii ingenijua mimi ni nani. Niliutazama mguu. Kisha nikamtazama Wifi, jinsi alivyoninyooshea uso wake akisubiri nimwambie la kweli.

"Tulizipima," nikasema. "Umelala. Haivuji hata kidogo."

"Mkono wa pili alikuwa nani?"

"Profesa mwenyewe."

Pumzi ikamtoka mpaka mabega yakashuka. Akacheka, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na dawa. "Basi nilikuwa najitesa bure," akasema. "Wifi, ungejua nilivyoogopa." Akainuka akanikumbatia kwa nguvu, akanambia kwenye sikio kwamba nafasi ile imekwenda kwa aliyestahili.

Halafu akamtafutia Mama kalamu inayoandika, akamshikia karatasi isiteleze, akamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi.